SIMU NDIYO INAYOJENGA UKURASA

1. Ubishi chini ya mwembe

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa kumi jioni. Wanakisomo wa Njisi walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakimngoja mwalimu. Wengine walikuwa wametoka kuanika kakao. Wengine walikuwa wametoka katika mashamba ya mpunga. Mwalimu alipofika alikuta ubishi mkubwa.

Mzee mmoja alikuwa ameshika simu. Kijana wake ni mvuvi katika Ziwa Nyasa, upande wa Itungi. Usiku ule kijana alitaka kwenda kuvua. Kwa hiyo mzee alifungua ukurasa wa hali ya hewa ili ajue kama ziwa litatulia.

"Ziwa ni shwari," alisema mzee. "Nimesoma mwenyewe, neno kwa neno."

Mama mmoja aliyekaa karibu naye alikuwa na simu pia. Alisema, "Samahani, baba. Mimi nimefungua ukurasa huo huo. Hapa pameandikwa upepo mkali na mawimbi makubwa. Tena kwangu kuna ramani ya ziwa. Kwako ramani haipo."

"Basi simu yako inasema uongo."

"Au ni ya kwako, baba."

Wanakisomo walicheka, lakini mwalimu hakucheka. Alimwambia mzee, "Mpigie kijana wako sasa hivi. Mwambie asitoke mpaka tujue ukweli." Mzee alipiga simu. Kijana alikubali kungoja.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Leo tutaacha somo la hesabu. Tutajifunza jinsi simu inavyotengeneza ukurasa. Tukilijua jambo hilo, tutajua ni nani aliyesoma habari za kweli."

2. Kinachosafiri si picha

Ndugu msomaji, watu wengi hufikiri kwamba ukurasa wa intaneti ni kama gazeti. Hufikiri umepigwa chapa mahali fulani, kisha ukaletwa kwenye simu ukiwa tayari. Sivyo.

Mwalimu aliuliza, "Tuseme una mtoto anayefanya kazi Mbeya. Anataka nyumba ijengwe hapa Njisi. Je, anaweza kuipakia nyumba ndani ya basi na kuituma?"

"Haiwezekani," walijibu wanakisomo.

"Basi atafanya nini?"

"Ataandika barua," alisema mama. "Atasema anataka vyumba vitatu. Mlango utazame barabara. Bati liwe la bluu."

"Na nani atajenga?"

"Fundi wa hapa hapa."

"Ndivyo ilivyo," alisema mwalimu. "Kinachosafiri ni barua. Nyumba hujengwa hapa. Ukurasa wa intaneti nao husafiri kama barua ya maelekezo. Fundi wa kuujenga yumo ndani ya simu yako. Fundi huyo anaitwa kivinjari."

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa. Chrome ni kivinjari. Firefox ni kivinjari. Opera Mini pia ni kivinjari. Kila unapofungua ukurasa, kivinjari husoma barua na kujenga upya, kuanzia msingi mpaka rangi ya ukuta.

3. Lugha ya barua

Barua ya fundi huandikwa kwa lugha anayoielewa. Lugha ya kurasa inaitwa HTML. Ina maneno ya kawaida unayoyasoma, na katikati yake ina alama. Alama hizo humwambia kivinjari kila neno lina kazi gani.

Mwalimu aliandika ubaoni:

<h1>Hali ya hewa leo</h1>
<p>Upepo utakuwa <b>mkali</b> ziwani.</p>
<img src="ramani.png">

Kisha akaeleza mstari kwa mstari.

Alama ya h1 ina maana kwamba hiki ni kichwa cha habari. Kivinjari hukiandika kwa herufi kubwa.

Alama ya p ina maana kwamba hii ni aya. Kivinjari huanza mstari mpya na kuacha nafasi.

Alama ya b ina maana kwamba neno hili liandikwe kwa wino mzito, ili lionekane.

Alama ya img ina maana kwamba hapa iwekwe picha. Tazama vizuri. Picha yenyewe haimo ndani ya barua. Lililomo ni jina lake tu. Kivinjari hulazimika kutuma ombi la pili ili kuifuata picha hiyo.

Alama nyingi huja mbili mbili, kama mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Alama ya kufungia ina mstari ulioinama. Ukiandika b ya kufungua ukasahau b ya kufunga, maneno yote yanayofuata huweza kuwa mazito.

Mzee aliuliza, "Mwandishi akikosea, fundi hukataa kazi?"

"Hakatai," alijibu mwalimu. "Kivinjari ni fundi mvumilivu. Akikuta alama asiyoijua, huiruka na kuendelea. Akikuta alama isiyofungwa, huifunga kwa kufuata kanuni zake. Kwa hiyo ukurasa wenye makosa huonekana pia."

4. Fundi hufanya kazi kwa hatua

Sasa tufuate kazi ya kivinjari tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta nyumba ya mwenye ukurasa. Wewe unaandika anwani kwa maneno. Kompyuta hutafutana kwa namba. Kwa hiyo kivinjari huuliza kwanza, "Jina hili lina namba gani?" Hufanana na mtu anayetafuta namba ya simu katika daftari la majina.

Hatua ya pili ni kuomba barua. Ombi huenda mpaka kwenye kompyuta inayotunza ukurasa. Kompyuta hiyo inaitwa seva. Seva hujibu kwa kutuma maandishi yenye alama. Hayafiki yote kwa mara moja. Hufika vipande vipande, kama matofali yanayoletwa kwa mkokoteni.

Hatua ya tatu ni kusoma na kupanga ukoo. Kivinjari huangalia alama ipi imo ndani ya nyingine. Ukurasa ni babu. Aya ni mtoto wake. Neno zito lililo ndani ya aya ni mjukuu. Hivyo kivinjari hutengeneza mti wa ukoo wa ukurasa mzima.

Hatua ya nne ni kusoma maelekezo ya mapambo. Hayo huandikwa kwa lugha nyingine inayoitwa CSS. Husema kichwa kiwe cha kijani, maandishi yawe meusi, picha ikae kulia. Kurasa nyingi zina pia maelekezo ya vitendo, yaani kitufe hiki kikibonyezwa kitu fulani kitokee. Lugha ya vitendo inaitwa JavaScript.

Hatua ya tano ni kupima. Fundi hutazama upana wa kiwanja. Kivinjari hutazama upana wa kioo cha simu. Huhesabu maneno mangapi yataenea katika mstari mmoja, na kila kitu kitakaa wapi.

Hatua ya sita ni kupaka rangi. Kivinjari huchora herufi na mistari juu ya kioo. Hapo ndipo wewe unaona.

Kazi hii yote huweza kwisha kwa sekunde chache, hata pungufu. Mtandao ukiwa dhaifu huchukua muda zaidi. Maneno yakishafika, kivinjari huyaonyesha kabla ya picha. Ndiyo maana mara nyingine unasoma habari huku mahali pa picha pakiwa patupu. Picha inapofika, maneno husukumwa chini. Umewahi kubonyeza kitu, ghafla kikaruka, ukabonyeza kingine? Fundi alikuwa anapima upya. Basi usiwe na haraka. Acha nyumba ikamilike kabla ya kugonga mlango.

5. Kwa nini simu mbili zilitofautiana

Mwalimu alizichukua simu zote mbili akaziweka juu ya meza.

"Tazameni," alisema. "Simu ya mama ina kioo kipana. Simu ya baba ina kioo chembamba. Barua ni ya aina moja, viwanja ni viwili. Kwa hiyo mistari haiwezi kulingana. Hilo si kosa."

Kisha akafungua mipangilio ya kivinjari cha mzee. Alikuta picha zimezimwa ili kuokoa bando. Picha huwa nzito kuliko maneno. Picha moja huweza kula bando kuliko kurasa nyingi za maandishi matupu. Mjukuu wa mzee ndiye aliyezizima.

"Mjukuu alifanya vizuri," alisema mwalimu. "Lakini ndiyo sababu baba haoni ramani. Maelekezo ya ramani yapo. Fundi amekatazwa kuifuata."

Viko pia vivinjari vinavyookoa bando kwa njia nyingine. Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006, ilijulikana sana Afrika kwa njia hiyo. Ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za kampuni ya Opera. Huko hutengenezwa na kubanwa, kisha hutumwa kwenye simu ukiwa mdogo. Ni kama fundi anayetengeneza milango karakana kwake, akaileta kwako tayari kupachikwa. Bando huokoka, lakini baadhi ya vitu huweza kuonekana tofauti.

"Sawa," alisema mzee. "Nimeelewa kuhusu ramani. Lakini maneno je? Kwangu ziwa ni shwari. Kwake kuna mawimbi. Maneno hayapimwi kwa upana wa kioo."

Wanakisomo walinyamaza. Swali lilikuwa zito.

Mwalimu alimpa mzee simu yake. "Baba, soma tarehe iliyo juu ya ukurasa."

Mzee alisogeza simu karibu na macho. Alisoma polepole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni ya juzi. Jumatatu."

"Je, bando lako lipo?"

"Lilikwisha jana asubuhi."

Hapo jambo likaonekana wazi. Kivinjari huweka nakala za kurasa ndani ya kumbukumbu ya simu. Hufanya hivyo ili usitumie bando mara mbili kwa ukurasa ule ule. Bando la mzee lilikuwa limekwisha. Alipofungua kivinjari, kilimwonyesha ukurasa wa Jumatatu uliobaki ndani. Nyumba ilijengwa vizuri, lakini kwa barua ya zamani.

"Kwa hiyo simu haikusema uongo," alisema mzee. "Ilisema ukweli wa juzi."

"Naam. Na mvuvi anataka ukweli wa leo."

Mwalimu alimrushia mzee bando kidogo. Akamwonyesha alama ya mshale uliopinda kama duara. Ukiibonyeza, kivinjari huomba barua mpya. Mzee akabonyeza. Maneno yakabadilika mbele ya macho yake. Yalikuwa sawa na ya mama: upepo mkali, mawimbi makubwa.

Mzee alimpigia kijana wake tena. Safari hii hakumwambia angoje. Alimwambia alale nyumbani.

6. Lugha hii ilitoka wapi

Mtu aliyebuni HTML ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa sayansi kiitwacho CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Wataalamu wa huko walitumia kompyuta za aina nyingi. Kompyuta hizo hazikusomana kwa urahisi. Yeye alitaka habari iandikwe mara moja, isomwe na kompyuta yoyote. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa ametengeneza HTML na kivinjari cha kwanza.

Sasa unaona kwa nini hutumwa barua na si picha. Barua moja huweza kujengwa na mafundi wengi, kila mmoja katika kiwanja chake. Mwaka 1990 hapakuwa na simu za kupangusa. Hata hivyo ukurasa wa kwanza kabisa unasomeka katika simu ya leo, kwa sababu ni maneno na alama tu.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliruhusu watu wote duniani kuitumia kazi hiyo bila malipo. Mwaka huo huo kivinjari kiitwacho Mosaic kilitolewa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kilionyesha picha pamoja na maneno katika ukurasa mmoja, na watu wengi wakavutiwa.

Njia ya barua hizi kufika kwetu ni ndefu. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Ndani ya nchi, serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mkongo huo umefika mpaka wa Malawi hapa Kasumulu. Unapovuka kwenda sokoni, barua za intaneti nazo huvuka mpaka huo huo, bila kupanga foleni.

7. Uzuri wa nyumba si ushahidi

Mama aliyebishana na mzee aliinua mkono. Hakucheka tena.

"Mwalimu, mimi nina jambo. Mwaka jana nililetewa ujumbe wenye kiungo. Ulisema nijiandikishe nipate mbolea ya ruzuku. Nikafungua. Rangi zilikuwa zile zile za ofisi ninayoijua. Nembo ilikuwa ile ile. Wakaniuliza namba ya siri ya pesa za simu. Nikaandika. Pesa za magunia mawili ya mpunga zikaondoka. Mpaka leo sijamwambia mtu, maana niliona aibu. Nilijiuliza, wezi waliingiaje katika ukurasa wa ofisi?"

Mwalimu alisema, "Pole sana, mama. Wezi hawakuingia katika ofisi. Walijenga nyumba yao iliyofanana na ofisi."

Kisha akaeleza. Barua ya maelekezo husomwa na kila simu. Maana yake kila mtu anaweza kuinakili. Tapeli huchukua maelekezo ya ukurasa wa kweli, rangi zake na nembo yake. Huyaweka katika seva yake mwenyewe. Kivinjari kikiyapata hujenga ukurasa unaofanana kabisa. Fundi hajui kama aliyemtuma ni mwizi. Kazi yake ni kujenga alichoandikiwa. Na unapobonyeza neno Tuma, ulichoandika huenda kwa mwenye ukurasa ule.

"Sasa tutamjuaje?" aliuliza mzee.

"Usitazame ukuta. Soma anwani," alijibu mwalimu.

Anwani imeandikwa juu ya kioo. Kwa mfano, anwani ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni www.meteo.go.tz. Herufi za mwisho, go.tz, ni za taasisi za serikali ya Tanzania. Tapeli anaweza kuweka herufi go.tz katikati ya anwani, kisha akaendelea na maneno mengine. Zikiwa katikati hazina maana. Lazima ziwe mwisho wa jina lenyewe la ukurasa, kabla ya mstari wowote ulioinama unaofuata jina hilo, hivi: /

Wengine huamini alama ya kufuli. Kufuli ina maana kwamba barua imefungwa njiani, wapita njia wasiisome. Haisemi kwamba aliyeiandika ni mwaminifu. Hata mwizi anaweza kufunga bahasha.

Tena kumbuka: namba ya siri ya pesa zako si ya kuandika katika ukurasa wa kujiandikisha, hata uwe mzuri namna gani.

Mama alivuta pumzi. "Kumbe sikuwa mjinga," alisema.

"Hapana, mama. Ulijua kusoma maneno. Hukuwa umefundishwa kusoma anwani."

"Ndaga fijo, mwalimu," alisema mama. Wanakisomo wengine wawili walisema kwamba nao walipata kiungo kama kile.

8. Tumejifunza nini

Ukurasa hauji kwenye simu ukiwa tayari. Huja kama maneno yenye alama, na kivinjari hujenga. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wenye jambo kubwa, kama safari ya ziwani, bei ya kakao, dawa au pesa, jiulize maswali mawili.

Swali la kwanza: Barua hii ni ya lini? Soma tarehe. Bonyeza mshale wa duara.

Swali la pili: Barua hii ni ya nani? Soma anwani mpaka mwisho.

Siku ya Ijumaa mzee alifungua tena ukurasa wa hali ya hewa. Alisoma anwani, akasoma tarehe, kisha akasoma habari. Upepo ulikuwa umepungua. Jioni ile kijana wake alikwenda ziwani.

Maneno mapya

Kivinjari: programu ya kufungulia na kujenga kurasa za intaneti.
HTML: lugha ya alama inayotumika kuandika kurasa.
Seva: kompyuta inayotunza kurasa na kuzituma zinapoombwa.
Kiungo: maneno au alama ambayo ukiibonyeza hukupeleka kwenye ukurasa mwingine.
Anwani: jina la mahali ukurasa unapotoka.

Maswali

1. Kwa nini mzee hakuona ramani katika simu yake?
2. Kwa nini maneno ya ukurasa wa mzee yalikuwa tofauti na ya mama?
3. Alama ya p ina kazi gani? Alama ya img je?
4. Kwa nini maneno huweza kuonekana kabla ya picha?
5. Alama ya kufuli inatuambia nini? Haituambii nini?
6. Je, mama alifanya vizuri kueleza mbele ya darasa habari za kuibiwa kwake? Zungumzeni.

Kazi ya kufanya

Kaeni wawili wawili, kila mmoja na simu yake. Fungueni ukurasa mmoja. Andikeni katika daftari mambo matatu yanayotofautiana, na sababu ya kila moja. Kisha someni anwani kwa sauti, na tarehe ya habari. Mwenye simu moja amsaidie asiye na simu.